Simu Iliyofungwa na Mti wa Kalunde

Sogeeni karibu, na kila mmoja ajizuie kujibu mpaka nimalize. Nawajua. Nikifika katikati kuna mtu atanyanyuka aseme hukumu ni nyepesi, nami nitamwambia aketi. Hadithi hii nimelala nayo na kuamka nayo wiki mbili sasa, na sijaiona nyepesi hata siku moja.

Mimi ni Kapela, katibu wa kikundi cha warina asali kijijini kwetu, upande wa Sikonge, pale mashamba ya tumbaku yanapokoma na msitu wa miombo unapoanza. Tuko ishirini. Kati ya hao ishirini, watatu wana vipaji ambavyo hatukuwahi kuvibishania, mpaka vilipokutana kwenye simu moja.

Wa kwanza anaitwa Mlekwa. Huyu amepewa masikio. Hulaza sikio kwenye shina la mti na kukwambia mzinga ulioko juu una nyuki au umehamwa. Tukimbishia, tunapanda, tunakuta ni vile vile alivyosema. Haongei sana, maana anadai kelele za watu zinamharibia kazi.

Wa pili ni Nyamizi. Yeye alijifunza kusoma akiwa na watoto wanne, kwenye darasa la watu wazima ndani ya ghala la tumbaku. Wanafunzi walikuwa thelathini na vitabu vitatu, kwa hiyo mwalimu aliwataka wasome wote pamoja, kwa sauti kubwa, ili walioko nyuma wasikie. Nyamizi aliwapita wenzake wote. Neno gumu halimshindi, hata yale ya kwenye makaratasi ya dawa. Lakini kusoma kimya hakufundishwa, na mpaka leo hajui. Dukani utamsikia akisoma pakiti ya sabuni tangu jina lake mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Barua za siri hatumpelekei, kwa sababu kabla hajafika chini kijiji kizima kitajua nani kaposwa na nani kaachwa. Tunamcheka, na yeye hucheka pamoja nasi. Tulikuwa tukicheka, niseme hivyo.

Wa tatu ni Msonda, mpanda miti. Mti ambao sisi wengine tunaufunga kamba, yeye anaupanda mikono mitupu huku akipiga soga na mtu aliye chini. Ana majigambo, na majigambo yake yanachosha, ila sijawahi kumwona akiteleza.

Sasa mwenye simu. Kalunde ni mjane wa kaka yake Nyamizi, kwa hiyo wenyewe wanaitana wifi. Mumewe alimwachia miti saba yenye mizinga. Alipofariki, wapo waliosema miti irudi kikundini, mwanamke ataipandaje. Nyamizi alisimama kwenye kikao akamwelekezea kidole mwenyekiti wetu, Mihambo, akasema, "Wifi yangu anapanda kuliko wewe, na kama unabisha twende msituni sasa hivi." Mihambo hakwenda. Miti ikabaki kwa Kalunde, na miti hiyo ndiyo inayomsomesha binti yake wa pekee, Wande, chuo cha uuguzi huko Dodoma. Umebaki mwaka mmoja amalize.

Simu janja aliletewa na huyo Wande, ili awapigie picha wanunuzi wayaone masega. Tatizo la mrina asali ni mikono. Ukishagusa sega, vidole vinanata mpaka jioni, na kioo cha simu hakikutambui tena. Kalunde akajifunza kuitumia bila kuifungua. Alibonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, kamera ikawaka, akapiga picha na kuirudisha mfukoni. Akipigiwa, aliburuza kioo kwa kifundo cha kidole na kuzungumza. Sisi tulimwona akifanya hivyo kila msimu. Kuna mambo ambayo simu inakubali kumfanyia mtu yeyote ikiwa imefungwa, kama vile mgeni anavyoketi kibarazani hata mwenye nyumba asipokuwapo. Namba ya siri ya kuingia ndani hakumwambia mtu, hata wifi yake.

Kuna sheria zetu mbili lazima mzijue, la sivyo mtanisikia nikihangaika bure.

Ya kwanza: mtu akitolewa msituni yu mahututi, naye akapona, humpa aliyemwokoa mti mmoja. Mmoja tu, kwa mtu mmoja. Mti una chapa ya mwenyewe iliyochongwa kwenye gome, na mti wenye chapa mbili hatuutaki, kwa sababu zamani ulishatoa watu damu.

Ya pili ni nzito. Yupo mtu ambaye mwili wake haustahimili sumu ya nyuki. Akiumwa na mmoja tu anavimba na pumzi inakata. Sisi tunasema huyo amekataliwa na nyuki. Akishajulikana, haruhusiwi tena kukanyaga msituni, na miti yake inarudi kikundini. Msiione sheria hii kuwa ya roho mbaya. Mdogo wake Mihambo alikataliwa na nyuki, akaficha, akapanda peke yake alfajiri, na tulimkuta siku ya pili. Mihambo mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni. Sheria aliileta yeye, na wote tukainua mikono.

Basi ilikuwa Alhamisi, siku ya tatu ya kambi. Kalunde alitoka mapema kwenda kuukagua mninga wake, mti wake bora, ule unaojaza ndoo tatu kwa msimu. Uji ukaiva, hakurudi. Tukapiga mbinja, kimya. Mihambo akasema tumpe muda, labda ameshikwa na kazi.

Mlekwa akainua mkono. "Jogoo," akasema.

"Jogoo gani?" Msonda akamcheka. "Nyumba ya karibu ni mwendo wa saa nne. Hiyo njaa, kaka, kunywa uji."

"Anawika kule bondeni. Amenyamaza. Haya, ameanza tena."

Sisi wengine hatukusikia kitu zaidi ya nyuki na upepo. Ila Nyamizi alidondosha bakuli. "Huyo si jogoo! Ni simu ya wifi, mlio wake ni jogoo!"

Mlekwa alikwisha kukimbia. Alikwenda moja kwa moja, akasimama mara mbili kusikiliza, akakata kushoto, na sisi nyuma yake. Tulimkuta Kalunde chini ya mninga, chali, kofia ya wavu imechanika karibu na shingo. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Kila alipovuta pumzi, koo lilitoa mlio mwembamba. Msitu ule ni mpana. Bila yale masikio tungemtafuta mpaka adhuhuri.

Simu ilikuwa kwenye majani, ingali ikiwika. Mlekwa aliiokota akaiburuza kwa kifundo cha kidole, kama alivyozoea kumwona Kalunde.

"Mama?" sauti ikasema. Alikuwa Wande. Alhamisi hupiga kabla ya kuingia darasani.

"Si mama. Ni Mlekwa. Mama yako yuko chini, amevimba, hazungumzi."

"Nyuki? Ni nyuki, baba mdogo? Basi haraka, angalieni kwenye—"

Mtandao ukakata. Mlekwa akaita, "Wande! Wande!" Hakuna. Jina la Wande lilibaki kwenye kioo kama simu iliyokatika, lakini alipoligusa, simu ilidai namba ya siri.

Tukaanza kuhangaika. Tulichukua kidole gumba cha Kalunde tukakibandika kwenye simu. Kimevimba na kina asali, simu ikakataa. Tukaiweka mbele ya uso wake; uso ule simu haikuujua. Nyamizi akajaribu mwaka wa ndoa ya kaka yake, kisha mwaka aliokufa. Ikakataa yote miwili. Naikumbuka ile dakika. Watu wazima kumi na tisa tumezunguka mtu anayekata pumzi, tunabembeleza kioo.

Nyamizi akaona maandishi madogo chini ya kioo, akayasoma kama anavyosoma kila kitu: "Simu ya dharura." Akabonyeza. Yakaja mengine: "Maelezo ya dharura." Akabonyeza tena. Kikafunguka ukurasa ambao sisi hatukujua kama upo, naye akasoma mstari kwa mstari, sauti ile ile ya ghalani.

"Jina, Kalunde. Mzio, sumu ya nyuki, mkali sana. Daktari amemkataza kukaribia nyuki. Dawa, sindano ya kalamu, kopo jekundu, ndani ya mkoba—"

Mlekwa mkono wake ulikuwa tayari mkobani.

"—chomeka pajani, upande wa nje, shikilia hesabu mpaka kumi. Kisha hospitali mara moja, dawa haidumu. Wa kupigiwa, Wande, mtoto."

Nyamizi aliichukua ile sindano, akaichomeka, akahesabu kwa sauti mpaka kumi. Tulifika kumi, na muda kidogo baadaye ule mlio wa kooni ukaanza kupungua.

Hapo ndipo Nyamizi alipoinua uso akatuona tunavyomtazama. Nadhani ndipo alipoyasikia maneno aliyoyasoma. Sauti yake huwa inatangulia, akili inafuata nyuma. Aliweka kiganja mdomoni. Mihambo alikuwa amesimama pale pale, na alikuwa amesikia kila neno.

Lakini hatukuwa na nafasi ya mambo hayo. Dawa haidumu, ukurasa ulikuwa umesema. Upande wa mashariki kuna kituo cha afya, saa nne kwa miguu. Upande wa magharibi kuna njia ya matrekta ya tumbaku, chini ya saa moja, ila trekta siku nyingine huja na siku nyingine haliji, na ukifika pale ukakuta hakuna, umeshajiongezea safari ya kwenda kituoni. Tukikosea njia, Kalunde anakufa mikononi mwetu.

"Nipeni hiyo simu," Msonda akasema. "Juu kuna mtandao."

Aliiuma kwa meno akapanda ule mninga, nyuki wakiwa wangali na hasira. Alifika kwenye kilele ambako matawi hayabebi mtu mwingine. Akabonyeza jina la Wande kwenye ule ukurasa wa dharura. Mtandao hakuna. Akajaribu tena. Hakuna. Wakati huo nyuki walikuwa wanamla masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kusema.

Kisha tukamwona anabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili.

"Unapiga picha?" Mihambo akafoka. "Msonda, shuka!"

"Tulia, mwenyekiti! Ninavuta!" Alikuwa ameifungua kamera na kuvuta kioo kwa vidole viwili, akiielekeza magharibi. Kule mbali kila siku kuna moshi wa wachoma mkaa, na kwa macho matupu moshi na vumbi havitofautiani. "Ule wa kulia ni mkaa. Wa kushoto... subirini... wa kushoto ni vumbi! Trekta! Lina tela, wanapakia marobota! Magharibi, twendeni magharibi!"

Tuliuangua mzinga mkavu wa gome, tukaupasua, tukaufunga kwenye fito mbili, tukamlaza Kalunde. Tulibeba kwa zamu tukikimbia. Tulipomfikia dereva alikuwa amefunga robota la mwisho na kuwasha injini, akatupeleka hospitali. Daktari alituambia baadaye kwamba sindano ilimnunulia muda mfupi tu, na kwamba alifika kwake pumzi imeanza kukata upya.

Kalunde akapona. Hapo mngependa hadithi iishe, na mimi ningependa zaidi yenu.

Hapana hata mmoja aliyeifungua simu ile. Kila mmoja alichukua kilichokuwa kibarazani. Ondoa Mlekwa, tusingemwona. Ondoa Nyamizi, tungemwona akifa. Ondoa Msonda, tungembebea sindano iliyokwisha nguvu kuelekea upande usiofaa. Na bado mmoja kati ya hao watatu alitoa nje kitu ambacho mwenye simu alikuwa amekizika.

Kalunde alikuwa anajua tangu miaka miwili iliyopita. Aliumwa na nyuki mmoja nyumbani, akazimia, Wande akampeleka hospitali ya mkoa. Daktari akamwambia aache. Angeachaje? Ilikuwa miaka mitatu Wande amalize chuo. Alishona wavu mara mbili, akavaa glovu juu ya glovu, akaficha ile sindano mkobani, akaendelea kupanda. Ule ukurasa wa dharura aliuandika Wande mwenyewe likizo ya Desemba, mama yake akiguna, "Nani atasoma habari zangu?" Binti akamjibu, "Hakuna atakayesoma, mama, mpaka siku utakapohitaji."

Siku Kalunde aliporudi nyumbani tulikwenda kumpa pole. Nyamizi alimpikia uji wa ulezi, akauleta mwenyewe, amepiga magoti. Kalunde aliupokea kwa mikono miwili kama ada inavyotaka, kisha akauweka sakafuni bila kuonja.

"Ungenong'ona, wifi," akasema.

"Sijui kunong'ona maandishi, wifi. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana sikukwambia."

Nyamizi akanyanyuka, akaaga. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na daftari langu la ukatibu kwenye mfuko, na ndani ya daftari hilo nilikuwa nimeandika tukio zima, jioni ile ile, pamoja na maneno ya daktari. Hakuna aliyeniagiza. Nimezoea kuandika kila kitu, na nikaandika. Sikumwambia Kalunde siku hiyo, na nilijiona mnafiki.

Kikao kikakaa Jumapili iliyopita. Mihambo hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa chini sana. Alisema sheria imembana yeye kuliko mtu yeyote, ila alishabeba maiti moja kutoka msituni na hataki ya pili. Miti sita ya Kalunde irudi kikundini. Wa saba, yaani ule mninga, kwanza autoe kwa mwokozi wake, kwa kuwa deni la pumzi linatangulia.

Najua mnachowaza hapo nyuma. Mnawaza: apewe yeyote, halafu amrudishie Kalunde asali kimya kimya. Tuliliwaza hilo kabla yenu. Mihambo akasema aliyekataliwa na nyuki hagawiwi asali ya mti aliokuwa akiupanda, kwa sababu ndugu yake alianza hivyo hivyo, akigawiwa na rafiki, na tamaa ikamrudisha juu. Kila mmoja akaapishwa.

Wakaulizwa wale watatu.

Mlekwa alisimama, akakohoa. "Mimi nilisikia. Kama nisingesikia, hao wenzangu wangemsomea nani, wangempandia nani? Basi." Akakaa. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Msonda akaanza na nyuki wangapi walimuuma, ishirini na sita, alihesabu vidonda. Lakini akaishia pengine kabisa. "Jamani, ninyi nyote mlikuwa chini, salama. Mlekwa alikimbia, Nyamizi alisoma. Hakuna aliyehatarisha ngozi yake. Mimi nilipanda katikati ya nyuki wale wale waliomlaza Kalunde, bila wavu. Nami ningeweza kuwa nimekataliwa, nani anajua? Na siri ya mtu sikuigusa. Kamera haikunionyesha hata picha yake moja."

Hapo macho yakaenda kwa Nyamizi. Alikuwa amekaa nyuma.

"Sitaki mti," akasema. "Lakini msiseme nilikosea. Ningesoma kimya, Mlekwa angejuaje kopo liko mkobani? Alilitoa kabla sijamaliza sentensi. Sauti hii hii ndiyo iliyomponya. Sasa niikate sehemu, hii ya kuponya, hii ya kuharibu? Mimi nina sauti moja." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Mti apewe mwingine. Mimi nataka wifi anisalimie asubuhi."

Wande alikuwa kwenye simu ya Mihambo, sauti imefunguliwa tusikie wote, kutoka Dodoma. Alilia. Alisema angekuwa amemwambia Mlekwa sikioni, maneno yalikuwa mdomoni, mtandao tu ndio uliokata. Alisema mwezi wa sita anarudi nyumbani, chuo kitasubiri, kwa kuwa ada ilitoka kwenye miti. Na akasema pia, "Shangazi Nyamizi, usilaumiwe. Niliyeandika ni mimi." Kalunde hakuinua kichwa.

Kisha Mihambo akamgeukia mwenye mti. "Kalunde, uliyeokolewa ni wewe. Taja jina."

Akasimama. Amekonda, na shingoni bado pana alama.

"Nikimtaja Mlekwa au Msonda," akasema, "mtasema namwadhibu wifi yangu. Na ni kweli, nitakuwa namwadhibu. Nikimtaja Nyamizi, nitakuwa nampa kwa mkono wangu mti wa mwisho, yeye aliyenivua ile sita, na kila nikisikia anasoma pakiti ya sabuni nitatamani ningekufa pale chini. Halafu nakumbuka kwamba nisingekuwa hai kutamani chochote. Mimi ninamshukuru na ninamchukia, vyote kwa pamoja, na sijui kutenganisha. Msiniulize tena."

Akakaa. Hakuna aliyemlaumu, hata Nyamizi.

Ikapigwa kura. Kalunde hakupiga, na wale watatu hawakupiga. Katibu kwetu hapigi kura ila zikilingana. Nilihesabu vikaratasi mara tatu, nikitumaini nimekosea. Watano walisema Mlekwa. Watano walisema Nyamizi. Watano walisema Msonda.

Kwa hiyo imeniangukia mimi. Nimewaza, tumpe aliyefika kwanza, maana wengine wote walisimama juu ya kazi yake. Nikawaza, hapana, tumpe aliyejitoa mwili, aliyepanda bila wavu na kushuka bila kubeba siri ya mtu. Nikawaza, hapana tena, tumpe aliyeshika sindano, kwa sababu tukimnyima tutakuwa tumewafundisha watoto wetu kwamba ukimkuta mtu anakata pumzi, kwanza ufikirie watu watasema nini. Lakini tukimpa yeye, Kalunde atauangalia mti ule ukipigwa chapa ya mkono uliomvua mingine. Na kuna saa nawaza kwamba anayestahili kuulizwa ni mimi niliyeliandika lile neno la mzio daftarini, wakati Nyamizi alilisema tu likapita.

Keshokutwa Jumapili, saa nne asubuhi, nitasimama mbele yao. Kalunde atakaa mbele. Nyamizi atakaa karibu na mlango, maana hawakai tena pamoja. Nitatakiwa kutaja jina moja, na fundi wa chapa atakuwa amesimama na patasi yake tayari.

Haya, sasa nyanyukeni, wale mliokuwa na haraka. Mngemtaja nani: aliyesikia, aliyesoma, au aliyepanda? Nawe utakapolitamka hilo jina, macho yako utayaelekeza kwa Nyamizi, au kwa Kalunde?